Nilivyoshona mfarishi kwa kitambaa cha Tingatinga

Binti yangu amejifungua Njombe, na anayeijua baridi ya huko ya Juni na Julai haendi kumwona mtoto mikono mitupu. Nikaamua kumshonea mjukuu mfarishi wa vipande. Safari hii sikutaka vitenge. Niliingia duka moja Kariakoo nikachukua mita mbili za kitambaa chenye wanyama wa mtindo wa uchoraji wa Tingatinga, shilingi 14,000 kwa mita.

Walikuwa na aina mbili. Moja imejaa wanyama, tembo kambeba twiga, ndege wamebanana juu yao. Nyingine ina miraba, kila mraba na mnyama mmoja. Chukueni ya miraba. Ile iliyojaa niliwahi kuishonea foronya, na kila nilipokata nilipata shingo ya twiga bila kichwa. Halafu miraba ndiyo asili yenyewe: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi vya karibu sentimita 60 kila upande na rangi za kupakia baiskeli, na mara nyingi alimwachia mnyama mmoja nafasi yote. Chui wa kwenye kitambaa changu amekaa hivyo hivyo. Mwili umegeuka ubavu, lakini macho yote mawili yanakutazama. Nilimkata wa kwanza, nikamweka katikati.

Kabla ya kulipa nilichomoa nyuzi mbili ukingoni nikaziwasha kiberiti. Zilinuka kama karatasi, zikaacha jivu laini, kwa hiyo si poliesta; ingekuwa poliesta zingeyeyuka zikaganda kidonge kigumu. Ule mng'aro wa rangi ya mafuta haupo, lakini nukta za mabawa ya ndege unaweza kuzihesabu moja moja.

Sasa kasoro. Nyekundu inachuja. Nililoweka maji ya baridi yakageuka kama juisi ya rozela, nikasuuza mara nne ndipo yakatoka meupe. Mita mbili zilirudi karibu sentimita 6. Ukikishona kabla ya kukifua, mfarishi wote utajikunja na weupe wa pundamilia utaharibika. Kilichonisumbua zaidi, michoro imechapwa upogo, haifuati nyuzi za kitambaa. Mraba ukiufuata kwa macho, kipande kinavutika kwenye cherehani. Ilibidi nipime kila kimoja kwa rula na chaki, nikapoteza sentimita moja kila upande.

Na kuna jambo linaloniuma. Pale Morogoro Stores, Dar es Salaam, kwenye kituo cha wachoraji wa Tingatinga, mchoraji huandika jina lake pembeni mwa picha. Kwenye kitambaa hiki nilitafuta ukingo mzima, sikuona jina la mtu. Hata kanga ina jina lake! Nilimuuliza muuzaji ni mkono wa nani, akaniambia mzigo ulikuja hivyo. Mchoro mzuri namna ile una mwenyewe, na mwenyewe anastahili kutajwa na kulipwa.

Nilitumia vipande 12, vitatu kwa vinne, nikavitenganisha kwa ukanda wa pamba nyeusi, maana rangi zile zikigusana zinagombana. Ndani niliweka blanketi jepesi kuukuu, nyuma marekani. Pigeni bandi vizuri kabla ya kupitisha mashine, tabaka tatu zinateleza. Sindano namba 11 ilinivunjikia kwenye makutano ya mishono, namba 14 ikamaliza kazi. Sikushona juu ya wanyama, nilifuata mipaka yao tu, na sasa wamevimba kidogo kana kwamba wanapumua.

Umeshafuliwa mara tatu huko Njombe, rangi imekaa. Mama yake mtoto ameagiza wa kitanda cha futi tano kwa sita. Nitarudi duka lile lile kuchukua miraba tena, na mara hii nitaongeza nusu mita kwa ajili ya ule upogo.