Magofu ya Gede kama kitovu cha muhula wa mafumbo: tathmini ya mwalimu wa Gredi ya Tano

Mwaka huu nilikabidhiwa Gredi ya Tano yenye wanafunzi 41, nikaamua kwamba azimio langu lote la kazi la muhula wa pili lijengwe juu ya dhamira moja, yaani fumbo. Mwanzoni nilinunua mtandaoni kifurushi cha masomo kilichokwisha kutayarishwa, ambacho muuzaji wake sitamtaja, chenye kisa cha keki iliyoibwa, kadi za washukiwa na bahasha iliyofungwa yenye jibu. Watoto walikifurahia kwa siku mbili. Siku ya tatu bahasha ilifunguliwa, mwizi akajulikana, na hapakusalia jambo lolote la kuuliza. Isitoshe, ushahidi mkuu ulikuwa nyayo kwenye theluji, ambayo hakuna mtoto wa Kilifi aliyewahi kuikanyaga. Ndipo nilipoigeukia Gede, na ninaandika hapa jinsi mahali hapo panavyomfaa mwalimu mwenye nia kama yangu.

Magofu ya Gede yako karibu na Watamu, kusini mwa Malindi, chini ya uangalizi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni mji mzima wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye jumba la mtawala, Msikiti Mkuu, nyumba za matajiri, visima na vyoo, ambao ulistawi katika karne ya 15 na ukahamwa kufikia mwanzoni mwa karne ya 17. Kwa nini wenyeji wake waliondoka, hakuna aliyeweza kulifunga swali hilo hadi leo. Katika mchezo wa vitendawili, aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji akishaupokea hutoa jibu. Gede ni mji wenyewe, na jibu halijatolewa. Nadhani hiyo ndiyo sababu wanafunzi wangu hawakuuchoka.

Kilichonivutia zaidi kama mwalimu ni majina ya nyumba. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyechimba hapo kuanzia 1948 hadi 1958, hakuwa na njia ya kujua wenye nyumba walikuwa akina nani, kwa hiyo nyumba zilipewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Mtoto akisimama kwenye kizingiti cha Nyumba ya Mkasi huuliza papo hapo kama mwenyewe alikuwa fundi wa nguo, na hapo mwalimu hupata nafasi ya kumwuliza ni kitu gani kingine angepaswa kukipata ili adai hivyo bila kubahatisha. Tuliporudi shuleni kila kundi lilileta vitu vitano vilivyotupwa au kusahauliwa nyumbani, likavifukia katika sanduku la mchanga, na kundi jingine likavifukua, likaipa nyumba hiyo jina na kuandika insha kuhusu waliokaa humo. Sijawahi kusoma insha zenye hoja nzito kama hizo kutoka kwa watoto wa miaka kumi, na makosa yao yalikuwa na thamani kuliko usahihi wao, kwa sababu wenye vitu walikuwepo darasani kuwasahihisha.

Kaburi moja la hapo, lililochongwa tarehe, nalo lilitupatia wiki nzima ya Hisabati. Tarehe iliyochongwa ni mwaka 802 wa Hijria, na kibao cha maelezo kinasema kuwa ni 1399 Miladia. Niliwaeleza wanafunzi kwamba miaka 33 ya mwezi inakaribia miaka 32 ya jua, wakagawanya 802 kwa 33 wakapata 24 na baki, wakatoa 24 wakapata 778, kisha wakaongeza 622, mwaka wa Miladia ambao hesabu ya Hijria ilianzia, na kufikia 1400. Darasa likagawanyika: waliosema kibao kimekosea na waliosema sisi ndio tuliokosea. Ilibidi mwanafunzi mmoja anayesoma madrasa atukumbushe kwamba mwaka wa Hijria hauanzi Januari, nasi tukagundua kuwa mwaka 802 ulianza Septemba 1399 na kumalizikia 1400. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na hakuna kitabu cha kiada ambacho kingenipa somo hilo.

Kuhusu sababu za kuhamwa kwa mji, mwongozaji wetu alistahili sifa kwa kutowapa watoto jibu moja kana kwamba ndilo la mwisho. Aliwaonyesha kisima kilicho kando ya Msikiti Mkuu, ambacho kiliongezwa kina, dalili kwamba maji ya ardhini yalikuwa yakishuka. Akawaonyesha pia ukuta wa ndani, uliojengwa baada ya ule wa nje, ishara kwamba mji ulipungua au uliogopa jambo fulani. Akataja mashambulizi ya Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, mwaka 1589, kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini, na kuhamia Mombasa kwa Sheikh wa Malindi pamoja na Wareno mwaka 1593. Kisha akauliza swali lililowanyamazisha wote: ikiwa Wareno walikaa Malindi, mwendo mfupi kutoka hapo, kwa takriban karne nzima, mbona hawakuutaja mji huu katika maandishi yao? Mji ulikuwa kilomita 6 hivi kutoka baharini, msituni. Je, hiyo yatosha kuuficha? Kila kundi lilichagua maelezo mawili na kupewa sharti la kueleza ni ushahidi gani ungeyavunja.

Kwa wanaopanga muhula, ushauri wangu wa dhati ni kwamba ziara isiwekwe mwishoni kama zawadi, kama tulivyozoea. Mimi niliiweka wiki ya saba, baada ya masika kupungua. Kabla yake watoto walifanya kazi na ramani, picha na vitendawili, na kila mmoja alikwenda na swali lake mwenyewe daftarini. Baada yake tulibaki na majuma ya kutosha ya Sayansi ya maji na miamba, mdahalo na uandishi. Wale waliokwenda na swali walitazama. Wachache waliokuwa wamelisahau daftari walitembea tu.

Mahali penyewe pana mahitaji yake. Kuta ni za kale na hazipaswi kupandwa, na visima ni virefu, hivyo mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanane si anasa. Kima waliopo hunyakua chakula, kwa hiyo vitafunio vibaki ndani ya basi. Jumba la makumbusho lililo hapo, lenye vitu vilivyofukuliwa, litembelewe mwisho wala si mwanzo, ili mtoto akione kibakuli cha kauri cha Uchina akiwa ameshasimama katika chumba kilikotoka. Tuliingia asubuhi tukapanga saa mbili, na hazikutosha. Ningehesabu saa tatu na nusu. Walio karibu wanaweza kuongeza mradi wa Kipepeo, wa ufugaji wa vipepeo, uliopo hapo hapo, ingawa kwa dhamira ya fumbo sioni haja.

Siipendekezi Gede kwa Gredi ya Kwanza na ya Pili, kwa maana fumbo lisilo na jibu huwachosha wadogo hao mapema. Kwa Gredi ya Nne hadi ya Sita naipendekeza bila kusita, na mwongozaji aombwe mapema, huku akielezwa kwamba watoto wanakuja na maswali.