Mafunzo ya farasi wasumbufu karibu na Jinja, Uganda: yamenifaa, lakini kipindi cha tano kiliniudhi

Kwa muda wa miezi minne farasi wangu jike, niliyemnunua akiwa tayari amezoeshwa tandiko, hakukubali kufungwa mkanda wa tumboni bila kugeuza shingo na kuusaka kwa meno mkono wa shati langu. Saisi wangu, yaani mtunzaji wa farasi, alimwita mshari, na dawa aliyoijua ni kofi la pua. Hatimaye nilimtoa shambani Buikwe, nikamvusha mto hadi kwenye zizi moja nje kidogo ya Jinja, ambako nililipia vipindi sita vya saa moja kwa shilingi 120,000 kila kimoja, bei ambayo mkulima hailipi huku akicheka.

Siku ya kwanza mkufunzi hakumpanda kabisa. Alimpapasa mgongo kutoka mabegani hadi kiunoni, akamkagua meno, kisha akaweka tandiko bila kitambaa na kuniambia nipitishe vidole chini yake. Upande wa kushoto vilikwama, pale pale penye nywele chache nyeupe ambazo siku zote nilidhani kazaliwa nazo. "Mzee, huyu si mkaidi, anaumia," alisema, akanieleza kwamba ngozi iliyobanwa muda mrefu huweza kuota nywele nyeupe. Tandiko likabadilishwa, na magego ya juu, ambayo kingo zake za nje zilikuwa kali na kumkwaruza shavu, yakapigwa tupa na daktari wa mifugo kwa malipo ya pembeni.

Maumivu yaliisha, tabia ikabaki, na ni katika kuiondoa tabia hiyo ndipo nilipoona thamani ya fedha yangu. Farasi aliyekwisha kujifunza kwamba akitishia kuuma, mtu hurudi nyuma, ataendelea kutishia, kwa kuwa kule kurudi nyuma ndiko ujira wake. Mkufunzi alikaza mkanda tundu moja, akatulia bila kukemea wala kuulegeza wakati masikio ya farasi yamelala nyuma, na sikio moja lilipoinuka tu akaulegeza papo hapo. Alirudia hivyo mara kumi na moja, nilihesabu. Zamu yangu ilipofika nilichelewa kidogo tu kulegeza, masikio yakawa yamekwisha kulala tena, nikajikuta nimemtuza kwa kosa lile lile.

Kuhusu woga wake wa bodaboda, maendeleo ni ya wastani. Farasi huona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na mbele kabisa ya pua, kwa hiyo tulifundishwa kumgeuza kidogo ili pikipiki inayotoka nyuma aione kabla haijamfikia. Barabara ikiwa tulivu inasaidia. Siku ya soko bado ni vita.

Kipindi cha tano kiliendeshwa na msaidizi aliyemvutavuta hatamu mpaka farasi akaanza tena kutafuta mikono kwa meno, na hakuna aliyefikiria kunipunguzia bei. Aidha, maelekezo ya kwenda nayo nyumbani yameandikwa kwa Kiingereza pekee, ilhali anayeyahitaji ni saisi, na wangu anasoma Kiswahili na Kiganda. Ilinibidi nikae naye jioni nzima, yeye juu ya jerikeni na mimi juu ya gunia la pumba, nikimfasiria mstari kwa mstari. Atakayekwenda huko aende na saisi wake tangu kipindi cha kwanza, na aulize mapema nani atafundisha siku gani.

Sasa saisi anamfunga mkanda peke yake, tundu mbili za kwanza akiwa amesimama, na la mwisho baada ya kutembezwa hatua chache.