Chaja ipi ununue kwa betri ya mota ya boti

Betri yangu ya kwanza ilikufa kwa kuchemka. Niliilaza kwenye chaja ya gereji, lile sanduku la bati lenye mshale wa kipimo, na alfajiri nilipofungua stoo nikapokewa na harufu ya mayai viza. Ubavu umetuna, maji yamekauka mpaka sahani zinaonekana, na mita inasoma volti 16. Betri ya Ah 100 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba), haina hata miezi minne. Aliyeniuzia chaja aliniambia inachaji kila kitu. Kuchaji ilichaji, ila kuacha ndiyo haikujua.

Nawaandikia wenzangu wa Wesha, Mkoani, Nungwi na kwengineko wenye kidau au boti ndogo ya faiba, na mota ya umeme ya volti 12 ya kusogelea mwamba taratibu wakati wa kuvua mshipi. Mota ya nguvu ya pauni 55 ukiifungua mpaka mwisho hula ampea 50 hivi. Betri ya risasi, iwe ya maji au kavu, usiishushe chini ya nusu ukitaka ikae miaka. Kwa hiyo kila ukirudi na betri ya Ah 100 una deni la Ah 50. Chaja ya ampea 10 italipa kwa saa tano, kisha saa mbili zaidi za kumalizia polepole. Chomeka ukitoka msikitini Isha, mnamo saa 9 usiku iko tayari. Umeme wenyewe haufiki hata yuniti moja ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla.

Nafasi ya kwanza naipa chaja ya kielektroniki inayojiongoza, ya ampea 10 mpaka 15, yenye kitufe cha kuchagua aina ya betri. Hii husukuma kwa nguvu mpaka volti 14.4 hivi, hukaa hapo huku ampea zikipungua zenyewe, kisha hushuka kwenye 13.6 na kuishikilia tu. Ikiwa betri yako ni lithiamu, hakikisha chaja ina chaguo la lithiamu hasa, maana hiyo inataka ifike 14.4 au 14.6 na basi. Usiiwekee kabisa ile hali ya kufufua betri, maana hupandisha volti kupita 15. Na kwa joto letu, tafuta inayopima joto na kupunguza volti yenyewe. Viwango hivi vimepangwa kwa nyuzi 25, na stoo ya bati mwezi wa Februari sote tunaijua.

Sasa jambo ambalo boksi halikwambii. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na tumeshukuru, lakini kukatika bado kupo. Kuna chaja ambazo umeme ukikatika na kurudi hazikumbuki zilikuwa zinafanya nini. Zinawasha taa moja na kukusubiri ubonyeze kitufe. Unaamka saa 10, maji yanatoka, betri iko pale pale ulipoiacha. Dukani mwombe muuzaji achomeke, chagua aina ya betri, azime swichi ya ukutani na kuiwasha tena. Ikiendelea yenyewe, toa pesa. Akikataa kujaribu, maduka ya Darajani ni mengi. Soma pia kibandiko cha nyuma: kiwe kimeandikwa 100–240, kwa sababu jioni umeme hushuka. Iliyoandikwa 110–120 peke yake ni ya Marekani, na ukiichomeka hapa utaona moshi.

Ya pili ni sola yenye kontrola (kidhibiti cha chaji), na kwa wanaokwenda dago, kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, naipandisha kuwa ya kwanza. Paneli ya wati 100 adhuhuri hutoa ampea tano na kitu, na kwa siku nzima yenye jua hesabu Ah 25 hivi. Deni la 50 linataka wati 200. Masika usiitegemee peke yake.

Ya tatu ni ile chaja isiyoingia maji, ya kufungwa ndani ya boti. Wamarekani wanaipenda, na wana sababu: boti inarudi nyumbani juu ya trela, wanachomeka waya uani. Yetu inalala mchangani au nangani, na soketi hakuna. Ukiwa na gati lenye umeme, nunua. La sivyo utabeba betri tu kama sisi. Ya risasi ya Ah 100 ni kilo 25 mpaka 30, na maji yakiwa yamekupwa bamvua, matope ya Wesha hayana huruma. Lithiamu ya kiasi hicho ni kilo 10 au 12. Mgongo wangu ndio ulionifanya nihame.

Ya nne, sanduku la gereji. Kwa betri ya maji iliyokufa kabisa, saa moja ukiwa umekaa pembeni na mita mkononi, linafaa, na liwe mahali penye hewa kwa sababu ile gesi inawaka. Kulilaza usiku, hapana.

Ya mwisho ni vijichaja vya pikipiki vya ampea mbili. Deni la Ah 50 utalilipa siku nzima na zaidi, na samaki hawakungoji.

Yoyote utakayoichukua, nenda na kisumaku kidogo mfukoni, ukiguse kwenye meno ya vibanio. Kikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kwa hewa ya chumvi hakimalizi kusi moja.