TAHADHARI: Huyu muuzaji wa "pinball adimu ya Atari" ni tapeli

Wakuu, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya gemu za zamani na tangazo la "kaseti ya Atari Video Pinball ya 1977, adimu, haijawahi kufunguliwa". Kaseti hapa ni ile ya gemu inayochomekwa kwenye mashine ya Atari, na pinball ni gemu ya kuupiga mpira kwa vibao usidondoke chini ya meza. Rafiki yangu ameshalizwa. Sasa tangazo lilelile limerudi kwa jina jingine, na picha hata hakujisumbua kuzibadilisha. Someni kwanza kabla hamjatuma hela.

Mtego wake wa kwanza ni kuchanganya vitu viwili vyenye jina moja. Mwaka 1977 Atari walitoa mashine iitwayo Video Pinball. Hiyo ni konsoli kamili (mashine ya gemu ya kuunganisha na TV) yenye gemu 7 ndani yake, haina hata sehemu ya kuchomeka kaseti, na vitufe vya kupigia mpira viko ubavuni, kushoto na kulia, kama kwenye meza halisi ya pinball. Kaseti ya Video Pinball ya Atari 2600, ile konsoli ya Atari ya kuchomeka kaseti, ni kazi ya mtunzi wa gemu Bob Smith na ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo kaseti "ya 1977" haipo. Na hiyo iliyopo ni ya kawaida sana. Ukinunua furushi la kaseti mchanganyiko za 2600, usishangae ukiikuta humo.

Ukimbana hapo, anahama. Anakwambia basi, anayo Bumper Bash, gemu nyingine ya pinball ya 2600. Hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini, maana Bumper Bash ni adimu kweli: ilitolewa na Spectravideo mwaka 1983, wakati biashara ya gemu Marekani inaporomoka, na wakusanyaji wanaililia. Aliyotumiwa rafiki yangu ilikuwa gamba la kaseti ya Atari lililobandikwa lebo ya Bumper Bash. Atari hawakuwahi kuitoa gemu hiyo, kwa hiyo gamba peke yake linatosha kumuumbua. Lebo nayo ilikuwa inang'aa kama kalenda ya mwaka mpya, na chini yake unapapasa kwa kidole unakuta kingo za lebo ya zamani.

Tukachukua bisibisi. Kaseti halisi ya zama zile kwa kawaida ina chipu iliyoandikwa kiwandani moja kwa moja, na kwa gemu ndogo kama hizi za kilobaiti 4 hukuti kingine cha maana kwenye bodi. Hii ilikuwa na chipu yenye kidirisha cha kioo, kimezibwa kwa stika, yaani ile aina inayofutwa kwa mwanga wa urujuani na kuandikwa upya. Pembeni yake kuna chipu ndogo ya pili, tena lehemu mbichi kabisa. Hiyo ya pili ina sababu: konsoli ya 2600 huiamsha kaseti kwa kupandisha umeme kwenye waya mmoja wa anwani, lakini chipu za kuandikwa upya huamka umeme wa waya huo ukishushwa, hivyo lazima kiwepo cha kugeuza ishara. Ukiona jozi hiyo ndani ya kaseti inayouzwa kama ya dukani, shuku sana kuwa ni nakala. Msiitegemee alama hii peke yake lakini, kwa sababu bodi za siku hizi zinaweza kufanya kazi yote kwa chipu moja.

Nisieleweke vibaya: nakala si dhambi. Wapo wanaozitengeneza vizuri, wanasema wazi kuwa ni nakala, na bei yake inafanana na nakala. Huyu anauza nakala kwa bei ya kitu halisi.

Ukimwomba video, anakutumia gemu ikichezwa kwenye skrini ya kisasa, picha kali, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa rula. Atari 2600 ambayo haijafanyiwa marekebisho hutoa picha kupitia waya wa antena, na picha yake huwa na ukungu fulani hivi. Kwenye video yake, kwenye kona, mshale wa kipanya unaonekana. Anacheza kwenye kompyuta!

Swali la kumtega: muulizeni Video Pinball ya kaseti inachezwaje. Huyu alijibu "vitufe viwili, kimoja kila mkono". Joystiki (kijiti cha kuchezea) ya 2600 ina kitufe kimoja tu. Springi ya kurushia mpira unaivuta kwa kushusha joystiki. Ukiilaza kushoto kinapiga kibao cha kushoto, kulia cha kulia, ukiipandisha vinapiga vyote viwili. Kile kitufe kinatumika pia kuisukuma meza huku ukiilaza joystiki, na ukizidisha meza inagoma na mpira unakupotea. Mwenye kaseti mkononi hashindwi kukuonyesha haya kwa video fupi, mkono na joystiki vikiwa ndani ya picha. Ombeni hiyo.

Kwenye malipo anang'ang'ania njia ya kumtumia "kama rafiki", ile isiyokuwa na kinga ya mnunuzi, eti akwepe makato. Halafu ana sharti la kwamba kaseti iliyofunguliwa hairudishwi, wakati skrubu iko chini ya lebo na huwezi kuikagua bila kuibandua.

Kama umeshalipa na mzigo haujafika, piga picha mazungumzo yote leo, kabla hajakublock, na ufungue malalamiko kwa waliopitisha malipo. Mzigo ukifika, rekodi video ukifungua boksi tangu gundi ya nje. Na mwenye picha ya tangazo lake la zamani ailete hapa, tuzilinganishe.