OpenWrt nyumbani kwangu Jinja, na fundi aliyeiita programu ya wizi

Nilikuwa nimekusudia kuisifu OpenWrt na kuishia hapo, kwa sababu programu hii ya kuendesha ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, imenipa intaneti tulivu ambayo sikuwahi kuipata kwa kifaa nilicholetewa na kampuni ya mtandao. Hata hivyo, kila nikianza kuandika namkumbuka fundi waliyemtuma hapa mtaani Walukuba, Jinja, Uganda, muda si mrefu uliopita, na sifa zinageuka hasira. Asomaye ategemee kukuta habari za programu na habari za fundi zimechanganyika, maana hata mimi nimeshindwa kuzitenganisha.

Ninafundisha kwa video nyakati za jioni, na jioni ndiyo saa ambayo wajukuu wa Hajati, mwenye nyumba wangu anayeishi chini, hupakia video zao kwa kutumia mtandao wangu. Kasi niliyoilipia ilikuwapo, na kila kipimo kilionyesha hivyo, lakini mtu mmoja akianza kupakia faili kubwa, sauti yangu ilikatika na wanafunzi wakabaki wakitazama mdomo unaochezacheza. Sababu yake inajulikana: ruta hulimbikiza pakiti, yaani vipande vya data, nyingi mno kwenye foleni kabla ya kuzituma, hivyo pakiti ndogo ya sauti hulazimika kusubiri hadi mrundikano wote wa mbele yake upite. Wataalamu kama Jim Gettys na Dave Täht walilipigia kelele jambo hilo kwa miaka, na mojawapo ya dawa zake, iitwayo CAKE, iliingizwa mwaka 2018 kwenye kiini cha Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta ambao OpenWrt imejengwa juu yake. Kwenye ruta ya kampuni hapakuwa na mahali pa kuiwasha. Kwenye OpenWrt niliongeza kifurushi cha SQM, kinachosimamia foleni hiyo kwa kutumia CAKE, nikaandika kasi iliyo chini kidogo ya ile halisi ya laini yangu, na jioni hiyohiyo nikafundisha kipindi kizima huku chini wakipakia watakavyo. Kwa hilo peke yake ningetoa nyota tano na kwenda kulala.

Kisha intaneti ikakatika kabisa. Kisanduku cha faiba, ambacho ni mali ya kampuni na ambacho sijawahi kukigusa, kiliwasha taa nyekundu penye herufi LOS. Taa hiyo humaanisha kwamba kisanduku hakipokei mwanga unaopaswa kuja kwa waya wa faiba. Ruta yangu iko baada ya kisanduku hicho, na programu iliyomo ndani yake, iwe nzuri au mbaya, haina uwezo wa kuzima mwanga unaotoka barabarani. Niliwaeleza hayo kwa simu, kwa upole ambao sasa naujutia.

Fundi alipofika, baada ya kusubiriwa sana, hakukitazama kisanduku. Aliketi, akatoa simu yake, akajaribu kuingia kwenye ruta kwa jina na nenosiri la kampuni, akakutana na ukurasa asioujua. "Mzee, nani amekuwekea programu hii ya wizi?" Nikamjibu kwamba niliiweka mwenyewe na kwamba ni programu huria, yaani msimbo wake, maandishi yaliyoiunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Akacheka. Alisema vitu hivyo vya bure vimeibwa kwenye programu za kampuni na vijana wa mitaani, na kwamba kwa kuwa msimbo wake unasomwa na kila mtu, mpita njia yeyote anaweza kuingia kwenye mtandao wangu. Akamalizia kwamba hatagusa chochote mpaka niirudishe ruta yao. Wakati wote huo taa nyekundu ilikuwa ikiwaka karibu kabisa na goti lake.

Kuhusu wizi, historia inasema kinyume. Mwaka 2003 watu walioichunguza programu ya ruta ya Linksys WRT54G waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na Linux. Leseni ya GPL inamruhusu yeyote kuitumia Linux, kuibadilisha na hata kuiuza, lakini inamtaka anayeisambaza awape wateja wake msimbo chanzo pia. Linksys iliutoa msimbo huo, na kutokana nao OpenWrt ikaanzishwa mwaka 2004, ikabeba herufi tatu za jina la kifaa kile. Nilimtolea fundi ruta ya kampuni kutoka kabatini pamoja na kijitabu chake, nikamwonyesha ukurasa wa mwisho, wenye maandishi madogo, unaotaja Linux na GPL. Akasema hayo ni mambo ya kiwandani. Simu aliyoshika ilikuwa ya Android, ambayo nayo kiini chake ni Linux, lakini hapo nilikuwa nimekwisha kuchoka. Laiti ningekuwa na nguvu ningemuuliza kama Wizara ya Afya ni wezi pia, maana takwimu za vituo vya afya nchini hukusanywa kwa DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na kama Chuo Kikuu cha Makerere ni wezi, maana mfumo wao wa masomo ya mtandaoni wa MUELE umejengwa juu ya Moodle, programu huria nyingine.

Hoja ya usalama ina uzito zaidi, na sitaki kuipuuza kwa sababu tu aliyeitoa alinikera. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejipatia imani ya watunzaji wa xz, programu ndogo ya kubana mafaili, alikuwa amepenyeza humo mlango wa siri. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini aliyeugundua, Andres Freund, alianza kwa kushangaa kwamba kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, akachimba mpaka akaufikia, na aliweza kuchimba kwa sababu programu ilikuwa wazi kwake. Kusoma msimbo wa OpenWrt hakumpi mtu nenosiri langu. Nenosiri la kampuni, kwa upande mwingine, ninalijua, kwani fundi aliliandika mbele yangu bila kujisumbua kulificha, na jirani aliponionyesha karatasi aliyoachiwa siku ya kuunganishwa, lilikuwa hilohilo. Mtu anayefungua nyumba zote za mtaa kwa neno moja la kitoto ndiye aliyekuja kunihubiria usalama!

Nadhani ningemsamehe hata hayo. Ila wakati wa kutoka alisimama kwa Hajati akamwambia kwamba mpangaji wake ana mtambo wa kusoma ujumbe wa watu. Hajati alipanda ngazi jioni, jambo asilolifanya kwa sababu ya magoti yake, akaniambia, "Mwalimu, sina ugomvi nawe, lakini wajukuu wangu wasitumie tena mtandao wako." Nilimweleza kwamba mwenye ruta yoyote, ikiwamo ile ya kampuni, anaweza kuona majina ya tovuti zinazofunguliwa, na kwamba ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa namna ambayo ruta haiwezi kuufungua. Alinisikiliza kwa adabu. Hakuniamini, na sioni kwa nini angeniamini mimi kuliko kijana mwenye sare.

Programu yenyewe nayo haina budi kulaumiwa kidogo. Ukimaliza kuiweka, mara nyingi Wi-Fi huwa imezimwa, na asiye na kebo hudhani ameiua ruta yake. Maelezo yake ni mengi na mazuri, lakini yameandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua nusu ya mambo. Ruta mbili zenye jina moja dukani zaweza kuwa na vifaa tofauti ndani, moja ikaikubali na nyingine ikaikataa, na wauzaji wetu hawapendi ufungue boksi usome toleo. Kwa mtu anayepanga chumba na kutegemea fundi wa kampuni kwa kila jambo, singeipendekeza. Hapana, ningeipendekeza, ila aiweke ruta ya kampuni karibu ili aichomeke siku fundi akija.

Baadaye alikuja fundi mwingine, dada mmoja mwenye ngazi begani, ambaye hakuuliza habari za ruta. Aliitazama taa, akatoka nje, akaifuata waya hadi kwenye nguzo ambako lori la miwa lilikuwa limeivuta na kuivunja, akaiunganisha, na intaneti ikarudi kabla chai niliyomwandalia haijapoa. Nikaiongezea kampuni nyota mbili. Kisha ukaja ujumbe wa kunidai shilingi elfu thelathini kwa ziara ya yule wa kwanza, sababu ikiwa ni "kifaa kisichoidhinishwa". Sijalipa na sina nia ya kulipa, na ningehama leo kama kungekuwa na faiba nyingine inayofika mtaa wetu. OpenWrt ibaki na nyota nne. Za kampuni nimezifuta nikaacha moja, nayo ni ya yule dada.