TAHADHARI: Unga wa "bakteria wa mahindi" unaotoa povu na kukoleza majani kwa siku nne

Wakulima wenzetu, kuna wauzaji wanaopita na pakiti za unga wa kijivu au chupa za maji ya kahawia. Maneno yao ni yale yale: paka kwenye mbegu, panda, sahau mbolea ya chumvichumvi. Bakteria wanaosaidia mahindi wapo kweli, na ndiyo maana utapeli huu unauma, kwa kuwa umejificha nyuma ya kitu kinachofanya kazi.

Tuanze na onyesho lao. Muuzaji anatia kijiko cha unga kwenye glasi, anamiminia hidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda, na povu jeupe linapanda hadi ukingoni. "Mnaona? Wako hai, wanapumua." Povu hilo ni oksijeni tu. Kuna kimeng'enya kiitwacho katalesi kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni, nacho kimo karibu katika kila chenye uhai. Mimina peroksaidi juu ya hamira, samadi au kipande cha kiazi kibichi, utaona povu lile lile. Isitoshe, kimeng'enya chaweza kuendelea kufanya kazi hata baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo povu halikuambii ni bakteria gani, ni wangapi, wala kama wako hai.

Ushahidi wa pili wanaoutoa ni majani kukolea kijani siku nne baada ya kumwagilia mchanganyiko wao. Hapo ndipo wengi wananasa. Bakteria aliyezoeleka kwa mahindi, Azospirillum brasilense, hafanyi hivyo. Yeye anakaa mizizini, anatoa homoni aina ya auksini, mizizi inaongeza matawi na vinyweleo, mmea unapata maji na virutubisho zaidi. Naitrojeni anayoinasa kutoka hewani ni kidogo. Kazi yake unaiona baada ya wiki kadhaa, tena kwa kuchimbua na kuosha mizizi, si kwa kutazama majani. Kijani cha siku nne ni naitrojeni ya mbolea iliyochanganywa humo, mara nyingi yurea, na mmeiuziwa kwa bei ya bakteria.

Kuikamata si vigumu. Tandaza unga kwenye karatasi nyeupe juani, tafuta chembe nyeupe zinazong'aa, hata zilizopondwa na kupakwa rangi ya majivu. Tia vijiko vitatu katika maji kidogo sana, koroga, ushike glasi kwa kiganja: ikipoa ghafla, kuna chumvi ya mbolea inayeyuka. Kama ni salfeti ya amonia, changanya na majivu ya kuni yaliyoloweshwa, harufu kali ya amonia itatoka papo hapo. Yurea haitoi harufu hiyo kwa majivu peke yake. Ponda soya mbichi, changanya na unga na maji ya uvuguvugu, funika kwa saa kadhaa, kisha funua. Soya mbichi ina kimeng'enya kinachogeuza yurea kuwa amonia, pua itakujulisha. Fanya na chombo cha pili chenye soya na maji tu, ili ulinganishe.

Wengine wanauza pakiti halali ya bakteria wa soya au maharage iliyopita muda, lebo imebandikwa upya. Bakteria hao, Rhizobium na Bradyrhizobium, hufanya kazi na mimea ya jamii ya kunde. Mahindi hayafanyi vinundu, yaani vivimbe vya mizizini ambamo bakteria hunasa naitrojeni, kwa hiyo anayekuahidi vinundu kwenye mizizi ya mahindi ama hajui ama anadanganya. Ukiona uvimbe pale, wafikirie kwanza minyoo fundo, wadudu wadogo wanaoshambulia mizizi.

Kuna pia kuzimua. Piga hesabu hii. Kilo 25 za mbegu ni punje kama 75,000. Chupa ya mililita 100 yenye bakteria milioni 200 kwa kila mililita ni bakteria bilioni 20, yaani zaidi ya 260,000 kwa punje. Muuzaji akiigawa chupa moja kuwa kumi kwa maji ya molasi, kila punje inabaki na 26,000, na wengi wa hao watakufa kabla mbegu haijaota. Chupa iliyovimba au inayofoka ukiifungua imeanza kuchacha kwa vijidudu vingine. Usiipake.

Lakini hasara kubwa haitoki kwenye bei ya pakiti. Inatoka kwa mkulima aliyeacha mbolea. Tani moja ya punje za mahindi inaondoka shambani na kilo kama 13 hadi 15 za naitrojeni, mabua hatujayahesabu. Mavuno ya tani nne yanahitaji zaidi ya kilo 50 kwa punje tu. Hata Brazili, ambako utafiti wa mwanasayansi Johanna Döbereiner ulifungua njia na koo (aina ndogo) za Azospirillum ziitwazo Ab-V5 na Ab-V6 zinatumika kwa wingi, watafiti wa Embrapa, shirika la utafiti wa kilimo la nchi hiyo, wanazungumzia kupunguza takriban robo ya naitrojeni ya kukuzia. Kupunguza, si kuacha.

Pakiti ya kuaminika ina jina la kisayansi na namba ya ukoo, idadi ya bakteria kwa gramu au mililita, zao, kipimo kwa kilo za mbegu, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, na joto la kuhifadhia. "Vijidudu rafiki mchanganyiko" si jina. Hata iliyo halali hufa ikikaa juani, ikichanganywa na maji yenye klorini, au ikipakwa juu ya mbegu yenye dawa ya ukungu isiyopatana nayo. Bakteria wa Bacillus, wanaojifunga ndani ya spora (ganda gumu la kujihifadhi), huvumilia zaidi. Azospirillum hawana uvumilivu huo: changanya kivulini, panda siku hiyo hiyo.

Kipimo tunachokiamini kuliko maneno yote ni pakiti iliyouawa, yaani unga ambao bakteria wake wameuawa kwa joto. Gawa unga mara mbili. Nusu moja ichanganye na maji kwenye chupa ya kioo, mfuniko umelegezwa, uiweke katika sufuria ya presha kwa dakika 30 baada ya mvuke kushika. Kuchemsha kwa kawaida hakuui spora. Panda makopo kumi bila kitu, kumi yenye unga hai, kumi yenye uliouawa, udongo na maji sawa. Baada ya wiki nne osha mizizi, kausha, pima uzito. Kama unga uliouawa umefanya vizuri sawa na ulio hai, na yote miwili imeshinda makopo matupu, ulichonunua ni mbolea, si bakteria.

Aliyekwisha panda bila mbolea asisubiri. Angalia majani ya chini: umanjano unaoanzia nchani na kushuka katikati ya jani kama herufi V ni njaa ya naitrojeni. Mahindi yakiwa na majani sita hadi nane, weka mbolea ya kukuzia udongo ukiwa na unyevu na uifukie. Pakiti usiitupe: ifunge na risiti yake, uipeleke kwa mamlaka ya mbolea pamoja na picha ya lebo.