Miaka miwili na Makita DHP484: drili inayosikia kidole

Nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam, na drili ninayoieleza hapa nimeishika karibu kila siku ya kazi kwa miaka miwili. Ni Makita DHP484, ya betri ya volti 18. Mafundi wenzangu wakinipigia simu kutaka ushauri wa drili, swali lao la kwanza huwa nguvu. Nawajibu kwamba kwa kazi ya mbao waulize kwanza inaweza kwenda polepole kiasi gani, na ukiiachia inachukua muda gani kusimama.

Mimi nimelipia kulijua hilo. Nilikuwa na kazi ya kabati za jikoni kwa mama mmoja Mbezi. Milango ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18, imeshapigwa rangi nyeupe, na bawaba zake ni zile za kujificha, zinazokaa kwenye tundu la duara la milimita 35. Tundu hilo linataka kina cha milimita 12 na ushee, kwa hiyo upande wa mbele zinabaki milimita 5 hivi, na biti yenyewe, yaani chuma cha kutobolea, ina ncha katikati inayotangulia. Drili yangu ya wakati huo ilikuwa ya waya, ya bei ya chini, na triga yake ilijua mambo mawili tu: kuzima, na kuwaka kwa kasi yote. Kwenye mlango wa saba niliona kina kimetosha, nikaachia. Mota ikaendelea kuzunguka kwa kasi iliyobaki nayo, na mkono wangu ulikuwa bado umeegemea. Nilipougeuza mlango nikakuta kitundu cha ukubwa wa punje ya mtama kwenye uso ule ambao mama angeuona kila asubuhi akichemsha chai. Mlango ule niliutengeneza upya kwa hela yangu, ubao na rangi.

Ndiyo maana naanza na triga. Ya DHP484 inaingia ndani taratibu, na kasi inapanda kadiri kidole kinavyozama. Ukiibonyeza kidogo sana, kabla mdomo unaoshika biti haujazunguka, unasikia mlio mwembamba kama wa mbu sikioni. Huo si ubovu. Swichi haipunguzi umeme kama bomba linavyofungwa. Inaukata na kuurudisha mara maelfu kwa sekunde, na kadiri vipande vya "kuwaka" vinavyokuwa virefu kuliko vya "kuzima" ndivyo mota inavyokimbia. Ule mlio ni hiyo kukatakata. Zidisha kidole unene wa kadi ya simu, na biti inaanza kujivuta, polepole kiasi kwamba unaweza kuhesabu mizunguko kwa mdomo.

Hapo ndipo kazi nzuri inapoanza. Mninga una nyuzi ngumu zinazosukuma biti pembeni. Ukianza kwa kasi, ncha inateleza na kukuachia mkwaruzo wa nusu inchi, na mkwaruzo huo hata msasa hauuondoi wote. Vanishi ikipita juu unaonekana zaidi. Kwa triga hii naweka ncha kwenye alama, nazungusha mara mbili tatu hadi ipate kikalio chake, naangalia kama imesimama wima, ndipo naongeza. Nikizoea ubao nafanya yote hayo bila kunyanyua mkono.

Breki ni jambo la pili. Ukiachia triga, mota inashikwa kwa umeme wake yenyewe na mdomo unasimama papo hapo. Wengi hawaitazami breki wanaponunua, na kwangu ndiyo iliyomaliza habari ya milango ya kutoboka. Kina kikifika, naachia, imekwisha.

Nikiishika drili hii namkumbuka mzee aliyenifundisha useremala. Yeye alitokea kwenye uundaji wa majahazi huko Nungwi, Unguja, na hadi anazeeka alikuwa na keekee yake: uta, kamba iliyozungushwa kwenye mti, chuma mbele, kishikio juu. Keekee haina kasi ya peke yake. Mkono ukisimama, chuma kimesimama. Alikuwa anahisi ubao unavyopungua chini ya chuma na anapunguza mvuto wa uta kabla hajatokeza upande wa pili. Drili za umeme zilipokuja zilileta nguvu na kuuondoa uhusiano huo. Kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ilitoa drili ya umeme ya kushika mkononi mwaka 1895. Mwaka 1917 Black & Decker wa Marekani walipata hataza ya drili yenye mkono kama wa bastola na swichi chini ya kidole, umbo ambalo tunalo mpaka leo. Lakini swichi ile ilikuwa ya kuwasha na kuzima, kama ile iliyonitobolea mlango. Miongo mingi ilipita, mpaka elektroniki zikawa ndogo za kuingia ndani ya mpini, ndipo kidole kikarudishiwa kile ambacho mzee wangu alikuwa nacho kwenye uta.

Gia ni mbili, unabadilisha kwa kitufe cha juu. Namba 1 inakwenda kutoka 0 hadi mizunguko 500 kwa dakika, namba 2 kutoka 0 hadi 2,000. Skrubu zote nafunga kwa namba 1. Namba 2 ni ya biti nyembamba za mbao. Usibadilishe gia mota ikiwa inazunguka.

Sasa klachi, ile pete yenye namba nyuma ya mdomo. Nimeona mafundi wengi, hata wenye miaka mingi kazini, wameiacha kwenye alama ya biti, ambapo klachi haifanyi kazi, tangu siku waliyonunua. Ndani yake kuna springi inayokandamiza gololi za chuma. Ukiizungusha kwenye namba kubwa unazidi kuikandamiza springi. Skrubu ikifika mwisho na kukataa kwenda, gololi zinaruka, unasikia tra-tra-tra, na mdomo unaacha kusokota hata kama kidole bado kimebonyeza. DHP484 ina hatua 21 za namna hiyo, na tofauti ya hatua moja unaisikia mkononi.

Nitoe mfano wa kazi ya wiki iliyopita: sanduku la mninga lenye bawaba na skrubu za shaba. Shaba ni laini, na mninga hauna huruma. Ukizidisha kidogo tu kichwa kinakatika na mwili unabaki ndani ya ubao. Kwanza natoboa tundu jembamba. Kisha naingiza skrubu ya chuma ya saizi ileile, naitoa, kwa hiyo njia imeshachongwa. Ya shaba naipaka nta, klachi naweka 3 au 4, baada ya kujaribu kwenye kipande cha mninga uleule, si kwenye mkuyu wala msonobari. Robo ya mwisho namalizia kwa bisibisi ya mkono, maana mifereji ya vichwa vya skrubu za shaba napenda ilale mstari mmoja. Bawaba sita, skrubu thelathini na sita, hakuna iliyokatika.

Kuhusu nguvu yenyewe ya kusokota: Makita wanaandika niutoni mita 54 kwa kazi ngumu na 30 kwa kazi laini. Hiyo ni nyingi kwa samani. Ukiweka gia namba 1 na biti nene ikanasa kwenye fundo la mti au kwenye chuma, drili inataka kuzunguka yenyewe na kifundo cha mkono ndicho kinachopokea. Simama vizuri, kiwiko karibu na mwili. Bosch kwenye baadhi ya drili zao wameweka kihisio kinachojua mashine imejipinda ghafla na kuzima mota. Wanaita KickBack Control. Natamani kitu hicho kiwe kwenye kila drili inayoshikwa na mwanafunzi.

Namna ya kushika nayo inasaidia. Usiishike chini karibu na betri. Panda juu hadi bonde kati ya gumba na kidole cha shahada likae nyuma ya mota, nyoosha shahada ubavuni kuelekea kwenye biti, triga bonyeza kwa kidole cha kati. Sukumo lako linakuwa kwenye mstari mmoja na biti, na tundu linanyooka. Mpini wa hii ni mwembamba wa kutosha kufanya hivyo hata kwa mkono mdogo.

Mota haina zile brashi za kaboni zinazolika, kwa hiyo sijawahi kuifungua kubadilisha kitu. Ina hali ya kugonga kwa ajili ya ukuta wa tofali, na inatosha kwa vitundu vya plagi za rafu. Nguzo ya zege ni kazi ya mashine nyingine.

Betri muwe nazo macho. Mwili huuzwa hata peke yake, betri na chaja ukavitafuta mwenyewe, na mimi nilishawishika kuchukua betri ya bei rahisi kwenye duka moja, yenye jina lililochapwa vizuri kabisa. Ikiwa imejaa ilifanya kazi. Ikishuka nusu, ile kasi ndogo ikapotea: nabonyeza kidogo, haiendi, nazidisha, inashtuka na kuruka. Nikadhani swichi imeharibika. Nikaweka betri halisi, mashine ikarudi kama mpya. Kwa hiyo dukani omba uwekewe betri, bonyeza kidogo kuliko unavyofikiri inafaa, na uangalie kama mdomo unazunguka polepole bila kusitasita. Kisha achia, uangalie unavyosimama. Fanya mara kumi. Muuzaji asipokupa nafasi hiyo, ondoka.

Kwa kabati na milango naweka betri ya 3.0 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba) kwa sababu ni nyepesi mikono ikiwa juu. Ya 5.0 inakaa kwenye chaja, maana umeme ukikatika mchana nataka siku iishe.

Dogo ninayemfundisha alianza kuishika mwezi wa tatu. Nilimpa kibao chakavu cha MDF, nikamwambia atoboe matundu ya milimita 35 mpaka atoe kumi yenye kina sawa. La kumi alilipata jioni ya siku ya pili. Milango ya jikoni iliyoondoka hapa Jumamosi, bawaba zake zote amefunga yeye.